Kila Mtu Aliona Isipokuwa Refa

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, Ujerumani ilikuwa inaongoza England kwa mabao 2-1 katika mechi ya mtoano ya Kombe la Dunia. Dakika ya 38 Frank Lampard akaupiga mpira kutoka nje kidogo ya boksi. Ukampita kipa Manuel Neuer kwa juu, ukagonga mtambaa panya, ukadunda nyuma ya mstari, ukarudi uwanjani. Lampard akainua mikono. Kwenye benchi kocha Fabio Capello naye akashangilia. Neuer hakushughulika nao: aliudaka mpira akauanzisha upesi kana kwamba hakuna lililotokea, na baadaye alikiri kuwa alifanya hivyo makusudi ili refa asipate nafasi ya kutia shaka. Refa Jorge Larrionda wa Uruguay alimtazama mshika kibendera wake. Kibendera hakikupanda. Ujerumani wakashinda 4-1.

Mpira ule haukuwa wa kubishaniwa. Sekunde chache baadaye marudio ya runinga yalionyesha kwamba ulikuwa umeingia wote, na nafasi ikabaki. Aliyekuwa akitazama kwenye baa ya Nairobi alijua. Aliyekuwa amejibanza kwenye kibanda umiza cha Dar es Salaam, ameshalipa kiingilio chake, alijua. Waliopewa kazi ya kuamua ndio pekee ambao hawakujua.

Usiku huohuo, Soccer City jijini Johannesburg, mambo yalizidi. Dakika ya 26 Carlos Tevez aliifungia Argentina bao la kichwa dhidi ya Mexico akiwa ameotea waziwazi, wala si kwa ncha ya kiatu. Refa Roberto Rosetti wa Italia akaweka mpira kati. Mara skrini kubwa ya uwanjani ikarusha marudio, na maelfu ya watu wakamwona Tevez amesimama peke yake mbele ya mabeki. Wachezaji wa Mexico wakaanza kumwonyesha refa skrini kwa vidole. Rosetti akaenda pembeni kwa msaidizi wake, Stefano Ayroldi, wakazungumza huku wamezingirwa. Ushahidi ulikuwa unaning'inia juu ya vichwa vyao, na sheria ilikuwa inawakataza kuutumia. Bao likabaki, Argentina wakashinda 3-1.

Hatua ya kwanza ya FIFA ilikuwa kudhibiti skrini za viwanjani zisionyeshe tena matukio yenye utata. Yaani refa alikosea, watu wakaona, na dawa ikawa kuwazuia watu wasione. Siku mbili baada ya mechi hizo rais wa FIFA, Sepp Blatter, aliziomba radhi England na Mexico na kusema suala la teknolojia litafunguliwa upya. Kwa mtu aliyekuwa amelipinga kwa miaka mingi, hilo halikuwa jambo dogo.

Kabla ya runinga, kosa la refa lilikuwa mali ya waliokuwepo uwanjani. Walibishana njiani, wakabishana kijiweni, kila mmoja akabaki na lake. Kamera zilipoingia viwanjani zilileta shahidi asiyechoka, lakini shahidi huyo aliletwa kwa ajili ya watazamaji. Mwamuzi hakuruhusiwa kumsikiliza. Ndiyo maana historia ya makosa ya marefa katika nusu ya pili ya karne ya 20 ni historia ya umbali kati ya anayeamua na wanaotazama, na umbali huo ulikuwa unaongezeka kila kamera mpya ilipofungwa.

Katika fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 30 Julai 1966, uwanjani Wembley, umbali huo ulikuwa bado mdogo. England na Ujerumani Magharibi zilikuwa 2-2 katika dakika ya 101 pale Geoff Hurst alipogeuka na kupiga shuti lililogonga mtambaa panya na kudunda mstarini. Refa Gottfried Dienst wa Uswisi hakuona vizuri, akamkimbilia mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov. Watu hao wawili hawakuwa na lugha ya pamoja. Bahramov akaashiria kwa kichwa: bao. Hurst akaongeza jingine dakika ya mwisho, ikawa 4-2, na England ikatwaa Kombe la Dunia lake pekee hadi leo.

Kamera za wakati ule zilikuwa chache na picha zake hazikuweza kumaliza ubishi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walizipima kwa kompyuta wakahitimisha kwamba mpira haukuvuka wote, jambo ambalo Wajerumani walikuwa wakilisema kwa miaka 30 bila kompyuta yoyote. Bahramov mwenyewe hakupata hasara. Waingereza walizoea kumwita Mrusi, ingawa alitoka Azerbaijan, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Uwanja wa Baku unaitwa kwa jina lake, na mwaka 2004, England ilipokwenda kucheza huko, sanamu yake ilizinduliwa na Hurst akiwepo. Washika vibendera waliojengewa sanamu ni wa kuhesabu, na huyu alijengewa kwa uamuzi ambao huenda haukuwa sahihi.

Ali Bennaceur wa Tunisia hakujengewa sanamu. Tarehe 22 Juni 1986 alipewa robo fainali ya Argentina na England kwenye uwanja wa Azteca, Mexico City, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, miaka minne baada ya nchi hizo mbili kupigana vita vya visiwa vya Falkland. Dakika ya 51 Steve Hodge wa England aliukosea mpira ukapaa kurudi langoni kwake. Kipa Peter Shilton akaruka. Diego Maradona, mtu mwenye urefu wa sentimita 165 tu, akaruka naye, akautia mpira wavuni kwa ngumi ya kushoto. Alikimbia kushangilia huku akiwatupia jicho waamuzi.

Kabla ya mashindano marefa walikuwa wameelekezwa na FIFA kwamba kama mwenzako yuko mahali pazuri zaidi pa kuona, heshimu anachosema. Bennaceur alirudi nyuma akamtazama mshika kibendera Bogdan Dochev wa Bulgaria. Dochev alikuwa anaelekea katikati ya uwanja, na kwa desturi hiyo ilikuwa na maana moja tu, bao halali. Bennaceur akaweka mpira kati. Kwa miaka iliyofuata kila mmoja alimwelekezea mwenzake kidole, na Dochev, aliyefariki mwaka 2017, aliishi akiamini kwamba Maradona alimharibia maisha.

Dakika nne baada ya bao la mkono, Maradona aliuchukua mpira kwenye nusu yake ya uwanja, akawapita Waingereza mmoja mmoja hadi wavuni. Wanaomlaumu Bennaceur husahau kwamba katika mbio zile palikuwa na mguso ambao refa mwingine angeupulizia filimbi. Yeye aliweka kipenga mdomoni, akaendelea kukimbia, akauacha mchezo uende. Aliwahi kusema kwamba anajivunia hilo, na ana haki ya kujivunia. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea nyumbani kwake Tunis, akampa jezi iliyosainiwa na kumwita rafiki wa milele. Mpira wa siku ile Bennaceur alikuwa ameuhifadhi. Novemba 2022 uliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 2.

Kwenye fainali ya mwaka 2006 mjini Berlin palizuka fununu ambayo haijawahi kufa. Zinedine Zidane alimpiga Marco Materazzi kwa kichwa kifuani mbali na mpira, refa Horacio Elizondo hakuona, wasaidizi wake pembeni hawakuona. Mchezo ukasimama. Kisha Elizondo, baada ya kuzungumza na mwamuzi wa akiba Luis Medina Cantalejo, akatoa kadi nyekundu. Kocha wa Ufaransa, Raymond Domenech, alidai Medina aliona tukio kwenye runinga. FIFA ilikana na kusema aliona kwa macho yake. Kilicho wazi ni kwamba kadi ilistahili, na kwamba soka lilikuwa limefika mahali ambapo uamuzi sahihi unaweza kushukiwa kuwa wa magendo.

Halafu ikaja Paris. Tarehe 18 Novemba 2009, Ufaransa na Jamhuri ya Ireland zilikuwa zinagombea nafasi ya kwenda Afrika Kusini. Dakika ya 103 Thierry Henry aliuzuia mpira kwa mkono usitoke nje, akauweka sawa kwa mkono tena, akampasia William Gallas, bao. Refa Martin Hansson wa Sweden hakuuona mkono hata mara moja. Henry alikiri baada ya mechi. Ireland iliomba irudiwe, ikakataliwa. Ikaomba iingizwe kama timu ya 33, ikakataliwa na kuchekwa. Mwaka 2015 ndipo dunia ilipofahamu kwamba FIFA ilikuwa imekipa chama cha soka cha nchi hiyo euro milioni 5 ili kisiende mahakamani. FIFA ilisema ulikuwa mkopo wa ujenzi wa uwanja, mkopo ambao ilikuja kuusamehe.

Kwa nini basi, baada ya yote hayo, hakuna kilichobadilika? Jibu liko kwenye chombo kinachotunga sheria za soka, IFAB, kilichoundwa mwaka 1886. Vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja moja, FIFA ina nne, na hakuna badiliko linalopita bila kura sita. Hoja za wapinzani hazikuwa za kipuuzi. Walisema soka ni moja, liwe la watoto kwenye vumbi au la Kombe la Dunia, na sheria yake haipaswi kutegemea mfuko wa mwenye uwanja. Walisema mchezo utakatwakatwa. Walisema ubishi wenyewe ni sehemu ya utamu. Machi 2010, miezi mitatu kabla ya Bloemfontein, IFAB ilikuwa imeyafungia mlango hata majaribio ya mitambo ya mstari wa goli.

Michel Platini, aliyekuwa rais wa UEFA, alikuwa na dawa yake: macho zaidi ya binadamu. Akaweka mwamuzi msaidizi nyuma ya kila goli. Tarehe 19 Juni 2012, mjini Donetsk, dawa hiyo ilipewa mtihani rahisi. Mpira wa Marko Dević wa Ukraine ulikuwa unaingia langoni mwa England, John Terry akaurudisha ukiwa umeshavuka mstari, na mwamuzi wa goli alikuwa pale pale, hatua chache. Hakuona. Refa wa kati alikuwa Viktor Kassai wa Hungaria. Safari hii England ndiyo iliyonufaika, na sikumbuki Waingereza wakililia haki kwa sauti ile ya Bloemfontein. Tarehe 5 Julai 2012 IFAB ikakubali teknolojia ya mstari wa goli.

Kwa mstari wa goli mambo yalikuwa mepesi, kwa kuwa swali lina jibu moja: umevuka au haujavuka. Kwenye Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 kila goli lilielekezewa kamera saba, na refa alivaa saa inayotetema mpira unapovuka. Ufaransa ilipocheza na Honduras, mpira wa Karim Benzema uligonga mwamba, ukamgonga kipa Noel Valladares, ukavuka kwa kiasi ambacho jicho lisingekiapia. Saa ikasema bao. Wahonduras wakalalamika, lakini malalamiko yao hayakuwa na pa kushika.

Video ilikuwa jambo jingine kabisa, maana penalti haina mstari. Waliotangulia ni Waholanzi. Chama chao cha soka kilianza kufanya majaribio ya kimyakimya kwenye ligi yao, refa wa pili akitazama skrini bila kuruhusiwa kuingilia, ili ijulikane angerekebisha makosa mangapi na kwa muda gani. Machi 2016 IFAB iliruhusu majaribio rasmi, na masharti yalikuwa ya uangalifu: VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iingilie mabao, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja, na pale refa anapomwadhibu asiyehusika. Tena iwe kosa la wazi. Septemba mwaka huohuo, katika mechi ya kombe kati ya Ajax na Willem II, Anouar Kali alipewa kadi ya njano, kisha msaidizi wa video akamwarifu refa, na Kali akatoka kwa nyekundu.

Desemba 2016, kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Japani, refa wa kwanza kukimbilia skrini ya pembeni katika mashindano ya FIFA na kurudi na penalti alikuwa Viktor Kassai, yule wa Donetsk. Penalti hiyo ya Kashima Antlers dhidi ya Atlético Nacional nayo ilizua maswali: faulo ilikuwepo, ila wengine waliona aliyefanyiwa alikuwa ameotea. Na VAR ilipoingizwa rasmi kwenye sheria, Machi 2018, mradi wake wa Kombe la Dunia la Urusi uliongozwa na Roberto Rosetti, yule wa Johannesburg, ambaye alikuwa ameacha kupuliza kipenga mwaka uleule wa skrini kubwa. Mtu anayejua uchungu wa kukatazwa kugeuza shingo ndiye aliyekabidhiwa skrini.

Urusi ilikuwa sherehe ya VAR. Wasaidizi wa video walikaa kwenye chumba kimoja jijini Moscow, wakiwa wamevaa jezi kamili za urefa kana kwamba wangeitwa uwanjani wakati wowote. Tarehe 16 Juni Antoine Griezmann alipata penalti ya kwanza ya Kombe la Dunia iliyotokana na video, dhidi ya Australia. Mashindano yalimalizika na penalti 29, rekodi mpya, na hata fainali iligusiwa: Néstor Pitana alitazama skrini, akarudi tena kutazama, kisha akaipa Ufaransa penalti kwa mkono wa Ivan Perišić wa Kroatia.

Afrika ilikuwa na sababu ya ziada ya kuitaka mashine hiyo. Novemba 2016, mjini Polokwane, refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal akidai Kalidou Koulibaly ameushika mpira. Mpira ulikuwa umemgonga gotini. FIFA ilichunguza mwenendo wa kamari kuhusu mechi ile, ikamfungia Lamptey maisha, na ikaamuru mechi irudiwe. Mwaka mmoja baadaye Senegal ikashinda 2-0 na kufuzu kwenda Urusi. Nchini Kenya, mshika kibendera aliyekuwa amepangiwa kwenda Urusi alitoka kwenye orodha siku chache kabla ya mashindano, baada ya video ya siri kumwonyesha akipokea dola 600. Kwa mashabiki waliolelewa na habari za namna hiyo, VAR ilikuwa na maana zaidi ya kusahihisha jicho. Walitegemea iwe mlinzi.

CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilianza nayo Februari 2018 jijini Casablanca, kwenye Super Cup kati ya Wydad ya jiji hilo na TP Mazembe ya Lubumbashi. Wydad wakashinda 1-0. Novemba mwaka huo, katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa, Al Ahly ya Misri wakaifunga Espérance ya Tunisia 3-1 kwa msaada wa penalti mbili, na picha zikamwonyesha mshambuliaji wao Walid Azaro akiichana jezi yake mwenyewe ili refa adhani amevutwa. CAF ilimfungia mechi mbili. Kamera ilikuwa imedanganywa kwa jezi, kisha kamera nyingine ikamfichua mdanganyifu, ila matokeo yakabaki yalivyo. Espérance walilipiza uwanjani kwa kushinda 3-0 mkondo wa pili.

Kisha ukaja usiku wa Radès.

Tarehe 31 Mei 2019 Espérance walikuwa nyumbani, nje kidogo ya jiji la Tunis, kwa mkondo wa pili wa fainali dhidi ya Wydad. Mkondo wa kwanza, uliochezwa Rabat, ulikwisha 1-1 na kelele nyingi: Wydad walikataliwa bao, na baadaye refa Gehad Grisha wa Misri akafungiwa miezi sita. Sasa refa alikuwa Bakary Gassama wa Gambia, mmoja wa waliokuwa wakiheshimika zaidi barani. Youcef Belaïli alifunga kabla ya mapumziko. Dakika ya 59 Walid El Karti akasawazisha kwa kichwa. Kibendera kikapanda: ameotea. Marudio ya runinga yakaonyesha vingine. Wydad wakamzunguka Gassama wakichora kisanduku hewani kwa vidole: VAR, VAR.

VAR haikuwepo. Mtambo haukuwa unafanya kazi usiku ule. Fainali kubwa kuliko zote za klabu barani Afrika ilikuwa imeanzishwa bila kifaa ambacho wengi walidhani kipo, na wachezaji wa Wydad wakasema hawatacheza tena hadi bao litazamwe. Kwa takriban saa moja na nusu watu walisimama uwanjani. Rais wa CAF, Ahmad Ahmad, alishuka hadi kwenye nyasi kujadiliana na viongozi wa klabu. Jukwaani fataki ziliendelea kuwaka. Mwishowe Gassama alipuliza filimbi, Espérance wakakabidhiwa kombe na wakashangilia.

Hawakukaa nalo kwa amani. Siku tano baadaye kamati ya utendaji ya CAF ilikutana Paris ikaamuru mechi irudiwe kwenye nchi nyingine na kombe lirudishwe. Kesi ikaenda CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, nchini Uswisi. Mwisho wa Julai CAS ikasema kamati hiyo haikuwa na mamlaka ya kuamuru vile na ikalirudisha suala kwa vyombo husika vya CAF, navyo Agosti vikawapa Espérance ubingwa. Wydad walikata rufaa wakashindwa, na hukumu ya mwisho ya CAS ilikuja mwaka 2020. Ikachukua zaidi ya mwaka kujibu swali ambalo mtambo mzima ungelijibu kwa dakika mbili.

Katikati ya kesi hiyo, Julai 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, lilikuwa likichezwa Misri, na VAR ikatumika kuanzia robo fainali. Bamlak Tessema wa Ethiopia aliipa Tunisia penalti katika muda wa nyongeza wa nusu fainali dhidi ya Senegal, akaenda kwenye skrini, akaifuta. Kwenye fainali zamu ikawageukia Senegal: Alioum Néant wa Kameruni aliwapa penalti dhidi ya Algeria, akatazama, akaifuta. Algeria wakatwaa kombe kwa bao moja. Mara zote mbili refa alipata nafasi ya kutazama marudio kabla ya uamuzi wa mwisho.

Waliodhani mashine ikishakuwepo na kufanya kazi basi ugomvi umekwisha walijibiwa London tarehe 30 Septemba 2023. Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham, kibendera kikapanda. Chumbani, msaidizi wa video Darren England alitazama akaona Díaz hakuotea. Alikuwa sahihi kabisa. Ila alidhani uamuzi wa uwanjani ni bao, kwa hiyo akamwambia refa kwamba ukaguzi umekamilika na uamuzi ni sawa. Uamuzi ulikuwa ni kuotea. Mchezo ukaanzishwa. Aliyeshtuka kwanza mle chumbani ni fundi wa marudio, si mwamuzi. Walipotambua walichofanya, sheria ilikuwa haiwaruhusu kusimamisha mchezo ulioendelea. Waamuzi wawili wa chumba kile walikuwa wametoka kuchezesha mechi Falme za Kiarabu siku mbili kabla. Chama cha waamuzi kiliomba radhi na sauti za chumbani zikatolewa hadharani. Mei 2024 Wolverhampton walipendekeza VAR iondolewe Ligi Kuu ya England. Klabu nyingine zote 19 zikapiga kura ibaki.

Umbali ulikuwa umegeuka upande. Zamani watazamaji wa runinga waliona asichoona refa. Sasa refa na wenzake chumbani wanaona, na aliyelipa kiingilio kukaa jukwaani anangoja gizani asijue kinachopimwa. Anayeshangilia bao siku hizi hushangilia nusu, jicho moja likiwa kwa refa aliyeshika sikio.

Jambo la mfuko, ambalo wazee wa IFAB walilitaja, nalo limerudi. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 kulikuwa na kamera 12 chini ya paa kufuatilia kuotea, na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Tarehe 1 Desemba, mjini Doha, Kaoru Mitoma wa Japani aliurudisha mpira ulioonekana kwa kila mtu kuwa umetoka, Ao Tanaka akafunga, na VAR ikathibitisha kwamba sehemu ndogo ya mpira ilikuwa bado juu ya mstari. Hispania ikafungwa, Ujerumani ikaaga mashindano. Refa alikuwa Victor Gomes, raia wa Afrika Kusini.

Miezi 16 baadaye, tarehe 5 Aprili 2024, nchini kwa Gomes mwenyewe, Yanga ya Tanzania walikuwa uwanjani Loftus Versfeld, Pretoria, kwa mkondo wa pili wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns. Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa panya, likadunda mstarini na kutoka. Wana Yanga walishaanza kukumbatiana. Refa Dahane Beida wa Mauritania, aliyechezesha fainali ya AFCON miezi miwili kabla, hakulitoa bao, na VAR haikulibadilisha. Dakika 90 zikaisha bila bao, Sundowns wakashinda penalti 3-2.

Picha ile ilisambaa Tanzania nzima kabla timu haijapanda basi. Ubaya wake ni kwamba haikuthibitisha wala kukanusha. VAR ilikuwepo, lakini mitambo ya mstari wa goli haikuwepo, na VAR pasipo mitambo hiyo hutegemea kamera za matangazo. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote: mpira wa kipenyo cha kama sentimita 22, mstari usiozidi sentimita 12. Kamera isiposimama sambamba na mstari kabisa, mpira ulio hewani huonekana umeingia zaidi au pungufu kulingana na pembe. Doha palikuwa na kamera za kutosha kuokoa mpira ambao macho yote yalidhani umetoka. Pretoria ilibidi watu wakaze macho kwenye picha ya pembeni na kila mmoja aone alichotaka kuona. Yanga waliandika barua ya malalamiko CAF. Ukweli kwamba rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye mtu ambaye familia yake inamiliki Sundowns haukuwasaidia watu kutuliza maneno.

Zamu ya watani wao wa jadi ilifika mwaka uliofuata. Tarehe 25 Mei 2025 Simba walikuwa New Amaan, Zanzibar, wakijaribu kurudisha mabao mawili waliyofungwa na RS Berkane ya Morocco katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Joshua Mutale alifunga mapema, Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu mara baada ya mapumziko, na bado Steven Mukwala akautia mpira wavuni, bao ambalo lingesawazisha jumla. Uwanja ulilipuka. Kisha refa akaweka kidole sikioni, mstari ukachorwa, Mukwala alikuwa ameotea. Berkane wakasawazisha dakika za majeruhi na kuchukua kombe kwa jumla ya 3-1. Kariakoo, mashabiki wa Yanga waliokuwa wameilaani VAR kwa mwaka mzima waligundua siku ile kwamba mtambo huo, kumbe, una macho mazuri sana.